Kichwa cha mtoto kinauma: namna ya kutafuta chanzo

Mtoto akisema kichwa kinamuuma, nyumba nyingi zina majibu mawili tayari: Panadol, na kama mwili una joto, dawa ya malaria. Mara nyingi maumivu huisha na watu wakasahau. Shida iko pale yasipoisha, au yanaporudi kila wiki, au yanapokuja na jambo jingine ambalo hakuna aliyeliuliza.

Swali linalosaidia zaidi si "kinauma wapi?" Mtoto wa miaka mitano huonyesha paji la uso hata kama chanzo ni jino au koo. Uliza kilianza lini na tangu hapo kimekwendaje. Maumivu yaliyoanza leo kwa mara ya kwanza. Yanayokuja na kuondoka huku katikati mtoto akiwa mzima kabisa. Yanayoongezeka wiki hadi wiki. Na yale yaliyopo kila siku bila kuzidi wala kupungua: hayo ni makundi manne, na kila moja lina vyanzo vyake. Swali la pili ni kama kuna homa. Ukishapata majibu hayo mawili, vyanzo vya kufikiria vinabaki vichache.

Asiyejua kusema

Mtoto wa chini ya miaka mitatu au minne hasemi kichwa kinauma. Utaona anavuta nywele au masikio, anajipiga kichwani kwa kiganja, anaacha mchezo anaoupenda na kwenda kujilaza sakafuni, anaficha uso kwenye kanga ya mama akitolewa juani, anapauka, au analia kila anapoinuliwa. Kwa mtoto mchanga angalia utosi akiwa ameketishwa na hajalia. Hutakiwa kuwa sawa na fuvu au kubonyea kidogo tu. Ukivimba na kukaza, shinikizo ndani ya kichwa limepanda. Ukididimia, amepungukiwa maji. Yote mawili ni ya hospitali.

Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa hapewi dawa ya kusubiria nyumbani. Apelekwe siku hiyohiyo, kwa sababu katika umri huo maambukizi ya damu au ya uti wa mgongo yanaweza yasionyeshe dalili nyingine yoyote zaidi ya homa na kukataa kunyonya.

Usisubiri kupambazuke

Mpeleke hospitali muda huohuo ukiona lolote kati ya haya pamoja na maumivu ya kichwa:

- shingo imekaza, hawezi kugusisha kidevu kifuani;
- amechanganyikiwa, haamki vizuri, au hawatambui watu anaowajua;
- amepata degedege;
- anatapika kila anachopewa, au hawezi kunywa wala kunyonya;
- maumivu yamempiga ghafla, makali kuliko yote aliyowahi kuyapata;
- mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, mdomo umepinda, maneno hayatoki sawasawa, au anaona vitu viwiliviwili;
- ana madoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa bilauri ya kioo. Kwenye ngozi nyeusi yatafute viganjani, nyayoni, ndani ya kope na kwenye kaakaa.

Shingo iliyokaza, homa, kuogopa mwanga na usingizi usio wa kawaida huelekeza kwenye homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa huu unaweza kuua ndani ya siku moja. Kinachowachelewesha wengi ni kipimo cha malaria kilichotoka chanya: mtoto anapewa dawa mseto, anarudishwa nyumbani, na kumbe magonjwa yako mawili. Kipimo chanya cha malaria hakiondoi homa ya uti wa mgongo. Shingo ikiwa imekaza, sema hivyo kwa sauti pale kituoni, na uulize kuhusu kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Wazazi wengi huogopa sindano hiyo wakiamini inalemaza. Huchomwa sehemu ya chini ya kiuno, chini ya mahali ambapo uti wenyewe umeishia, na ndiyo inayoonyesha kama kuna bakteria. Ugonjwa usipotibiwa mapema ndio unaoacha uziwi na ulemavu.

Akipata degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu. Kumfukizia moshi au kumpaka dawa za asili kunakula muda ambao ubongo hauna. Angalia saa ilipoanza; ikipita dakika 5, kila dakika inayoongezeka ni hatari zaidi.

Mtoto mwenye selimundu ana sheria yake. Kichwa kikali cha ghafla kwake kinaweza kuwa dalili ya kiharusi, hata akiwa na miaka mitatu. Usikihesabu kuwa ni maumivu yake ya kawaida ya mifupa.

Kichwa pamoja na homa

Hili ndilo kundi kubwa kuliko yote. Mafua, koo, masikio, nimonia, malaria, maambukizi ya mkojo: karibu kila homa huleta kichwa kuuma, na homa ikishuka maumivu hushuka nayo. Kazi yako ni kujua homa inatoka wapi.

Palipo na malaria, apimwe kwanza. Kipimo cha haraka huchukua kama robo saa. Kikitoka chanya, dawa mseto ya ALu (artemetha na lumefantrini) hutolewa kwa uzito: kilo 5 hadi chini ya 15, kidonge 1 kwa dozi, kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2, kilo 25 hadi chini ya 35, vidonge 3, kilo 35 na zaidi, vidonge 4. Dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Jumla ni dozi 6. Mpe na maziwa, uji wenye karanga au chakula chenye mafuta, kwa kuwa bila mafuta dawa hainyonywi vizuri. Akiitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi ileile. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuacha siku ya pili kwa sababu mtoto anacheza, na vidonge vilivyobaki vikawekwa kwa ajili ya mdogo wake.

Kipimo kikitoka hasi, usimpe dawa ya malaria "kwa tahadhari". Tafuta chanzo kingine, na kama homa bado ipo baada ya siku mbili, arudishwe apimwe tena. Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: kipimo cha haraka kinaweza kuendelea kuonyesha chanya kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona, kwa sababu kinatafuta protini ya kijidudu ambayo hukawia kuisha kwenye damu. Mtoto aliyemaliza dozi wiki mbili zilizopita na sasa ana homa tena anahitaji darubini, asipewe tu dozi ya pili juu ya ya kwanza. Huku ndiko "malaria sugu" nyingi hutokea.

Pacha wa "malaria sugu" ni "taifodi", yaani homa ya matumbo. Kipimo cha Widal kinachofanywa kwenye maabara nyingi za mitaani hutoa chanya kwa watoto wengi wasio na homa ya matumbo, maana kinga ya zamani na ya vijidudu vingine vinavyofanana hukiamsha. Mtoto mwenye kichwa kinachouma kila wiki, asiye na homa, aliyepewa dozi tatu za antibiotiki kwa sababu ya Widal, hajatibiwa kitu. Homa ya matumbo ya kweli huja na homa inayopanda na kukaa siku nyingi, tumbo kuuma, na kukosa hamu ya kula. Inathibitishwa kwa kuotesha damu maabara ili bakteria waonekane.

Malaria ikiwa hasi na maumivu yako nyuma ya macho, viungo na misuli vinauma sana, fikiria homa ya dengue, hasa pwani. Dar es Salaam ilipata milipuko yake mwaka 2014 na 2019. Hapa parasetamoli peke yake ndiyo inayoruhusiwa. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu. Na usilegeze macho homa inaposhuka: kati ya siku ya 3 na ya 7, tumbo likianza kuuma sana, akatapika mfululizo au fizi zikatoa damu, ndipo ugonjwa unapobadilika kuwa wa hatari.

Kamasi nzito na pua kuziba kwa zaidi ya siku 10, pamoja na maumivu ya mashavuni, huweza kuwa sainasi. Ila mashimo ya hewa ya kwenye paji la uso huwa hayajakomaa hadi mtoto afike miaka 7 au 8, kwa hiyo mtoto wa miaka minne mwenye maumivu ya paji la uso hana "sainasi za juu" hata akiambiwa hivyo. Kwa sikio na jino, chungulia. Gego la kwanza la kudumu huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno ya utoto. Wazazi wengi hulidhani ni la utoto, wakaliacha lioze wakisubiri ling'oke lenyewe.

Uso umevimba, mkojo umekuwa mweusi

Kundi hili ni dogo, lakini likikosewa mtoto anaweza kupata degedege ghafla. Wiki moja hadi tatu baada ya koo kuuma, au wiki kadhaa baada ya vidonda vya ngozi au upele uliotunga usaha, figo zinaweza kuvimba. Mtoto anaamka na uso umejaa, mkojo ni mchache na una rangi ya koka au chai ya rangi, na kichwa kinauma kwa sababu presha imepanda. Presha kwa mtoto? Ndiyo. Mwombe mhudumu aipime kwa mkanda unaolingana na mkono wa mtoto, kwani mkanda wa mtu mzima husoma chini ya ukweli na kukupa faraja ya uongo. Mkojo upimwe damu na protini.

Kinakuja kwa vipindi, akilala kinaisha

Mtoto yuko mzima, anacheza. Ndani ya saa moja anapauka, anatafuta giza, hataki kelele, hataki harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Anatapika, analala saa mbili, anaamka anaomba chakula kana kwamba hakuna kilichotokea. Wiki mbili baadaye inarudi vilevile. Hiki ni kipandauso, na watoto wanakipata kuliko wazazi wengi wanavyodhani, hata kabla ya kuanza shule.

Kipandauso cha mtoto hakifanani sana na cha mtu mzima. Kwa mkubwa mara nyingi ni upande mmoja wa kichwa. Kwa mtoto mara nyingi ni paji zima la uso au pande zote mbili. Kwa mkubwa hudumu saa 4 hadi siku 3. Kwa mtoto kinaweza kuisha ndani ya saa 2. Madaktari hutaka vipindi visivyopungua 5 vya aina hiyo kabla ya kukipa jina. Ulizia na ukoo: mama, baba, shangazi au bibi aliyekuwa akijifungia chumbani na kitambaa kichwani. Mara nyingi yupo. Watoto hawa pia hutapika safarini kwenye basi, na baadhi yao miaka michache kabla walikuwa na maumivu ya tumbo ya vipindi ambayo kila kipimo cha minyoo hakikuyaeleza.

Wengine huona vimulimuli, mistari ya kumeremeta au doa la giza kabla ya maumivu, kwa dakika 5 hadi 60. Mtoto anaweza kuogopa kusema, au akisema akaambiwa anaona mashetani. Mwambie achore anachokiona. Mchoro wa msumeno unaong'aa unaokua polepole ni kipandauso. Ila udhaifu wa mkono au mguu ukitokea kwa mara ya kwanza, usiupe jina hilo nyumbani. Ni wa hospitali.

Vichochezi vinavyorudi sana ni kuruka mlo, usingizi pungufu au uliozidi siku za mapumziko, jua la mchana bila maji, harufu kali za manukato na petroli, na kwa msichana aliyevunja ungo, siku zinazokaribia hedhi. Ukirekebisha mlo na usingizi, vipindi hupungua kwa wengi bila dawa yoyote ya kila siku.

Kosa la kutibu kipandauso ni kuchelewa na kupunja dozi. Kikishashika, tumbo huacha kusukuma chakula, dawa inakaa humo bila kunyonywa, kisha inatapikwa. Dawa inatakiwa ndani ya nusu saa ya kwanza, kwa kipimo kamili cha uzito, halafu chumba chenye giza na usingizi. Kwa kuwa vipindi vingi huanza shuleni, mwalimu awe na maelezo ya maandishi: mtoto akisema kimeanza, apewe dawa yake na mahali pa kujilaza, asilazimishwe kusubiri kengele ya mwisho. Vikifika vinne au zaidi kwa mwezi, au vikimkosesha masomo, mwone daktari kuhusu dawa za kuzuia.

Kinauma akitoka shule

Maumivu ya wastani, kichwa chote, kama kinabanwa. Hatapiki, anaweza kuendelea kutembea na kucheza. Mengi ya haya yana sababu unayoweza kuiona mwenyewe ukiifuatilia siku ya mtoto tangu alfajiri.

Mtoto wa mjini anayepanda basi la shule saa 11 na nusu alfajiri ameamka saa 10 na nusu. Kama alilala saa 4 usiku, amepata saa 6 na nusu. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Ameondoka na chai tupu, au bila kitu, na chakula cha kwanza ni saa 4. Maji hakunywa, na wapo wanaojizuia makusudi kwa kuwa choo cha shule hakifai, hasa wasichana. Akirudi saa 10 jioni, kichwa kinauma. Hapo hakuna haja ya picha ya ubongo. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji vinywaji takribani lita 1 hadi 1 na robo kwa siku; wa miaka 9 hadi 13 karibu lita 1 na nusu au zaidi, na wakati wa joto azidishe. Angalia mkojo wake: ukiwa na rangi ya chai, maji hayatoshi. Jaribu wiki mbili za kitu kizito asubuhi (uji wa unga na karanga, yai, kiazi), chupa ya maji anayorudi nayo ikiwa tupu, na kitanda saa 1 na nusu usiku. Kwa watoto wengi hayo yanatosha.

Soda za kola, vinywaji vya kuongeza nguvu na chai kali ya majani vina kafeini. Anayevinywa kila siku huumwa kichwa siku anapovikosa.

Macho hulaumiwa kuliko yanavyostahili. Kichwa cha macho huanza baada ya kusoma au kuangalia mbali kwa muda mrefu, kiko juu ya nyusi, hakina kutapika, na siku ya mapumziko hakipo. Ishara nzuri zaidi ni kukunja macho, kuinamia daftari, au kunakili vibaya kutoka ubaoni. Nyumbani unaweza kumziba jicho moja, akasoma tarakimu za kalenda ya ukutani kutoka mita 3, kisha zamu ya jicho la pili. Tofauti kati ya macho hujitokeza haraka. Apimwe na mtaalamu wa macho. Lakini mtoto anayetapika na kukimbia mwanga usimnunulie miwani ukadhani umemaliza.

Kagua na kichwa chenyewe. Nywele zilizosukwa kwa kukaza huuma kuanzia siku ileile, hasa pembeni mwa uso, na vipele huota kwenye mizizi. Fumua, maumivu yatapungua. Na ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20. Mtoto wa kilo 25 anayeibeba kichwani kila jioni ataumwa kisogo na shingo. Mpe kidumu cha lita 5, safari ziongezeke.

Kisha kuna kichwa kinachoanza Jumapili jioni, kikazidi Jumatatu, kikatoweka siku shule inapofungwa. Maumivu hayo ni ya kweli, mtoto hajifanyi. Mitihani, fimbo, mwenzake anayemwonea, mwalimu au ndugu anayemgusa isivyofaa: uliza mkiwa wawili, bila haraka, na zaidi ya mara moja. Mtu anayemwogopa asiwepo chumbani.

Kinaongezeka wiki hadi wiki

Hapa pana uvimbe wa ubongo, kifua kikuu cha ubongo, maji kichwani, na mengine yanayoongeza shinikizo ndani ya fuvu. Ni machache kwa idadi, lakini dalili zake hujulikana: maumivu yanamwamsha usiku au yapo anapoamka, anatapika asubuhi kisha anapata nafuu, yanazidi akikohoa au akiinama. Mwendo umekuwa wa kuyumba. Jicho limeanza makengeza ambayo hayakuwepo. Anainamisha kichwa upande mmoja. Mwandiko umeharibika, tabia imebadilika, maksi zimeshuka. Kutapika kila asubuhi bila kuharisha kwa wiki mbili si tumbo. Maumivu mapya ya mfululizo yakifika mwezi, au mapema zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka minne, au yakija na lolote kati ya haya, anahitaji picha ya kichwa kwenye hospitali ya rufaa.

Kifua kikuu cha ubongo huenda polepole: homa ndogo, kupungua uzito, ukali usio wa kawaida, kichwa, kisha kutapika na usingizi. Ulizia kama nyumbani kuna mtu anayekohoa zaidi ya wiki mbili au anayetumia dawa za TB. Jibu hilo daktari analihitaji kama anavyohitaji vipimo.

Mahali ambapo nguruwe hufugwa huria na vyoo ni vichache, kichwa kinachoambatana na kifafa kilichoanza ghafla kinaweza kutokana na viluwiluwi vya minyoo ya tegu vilivyokaa kwenye ubongo. Usimpe dawa kali ya minyoo kwa kubahatisha, kwa sababu viluwiluwi vikifa kwa pamoja ubongo huvimba.

Nyumba nzima wameamka na kichwa

Kama watu watatu wamelala chumba kimoja na wote wameamka na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, bila homa, uliza jiko la mkaa liliwekwa wapi. Hutokea sana kwenye baridi, Njombe, Makete, Lushoto au Limuru, jiko linapoingizwa ndani na madirisha kufungwa. Mkaa ulioiva, usiotoa moshi tena, bado unatoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Hujishika kwenye damu mahali pa oksijeni, na watoto huathirika mapema kwa sababu wanapumua haraka. Jenereta ndani ya nyumba hufanya vivyo hivyo. Watoe wote nje mara moja, kisha hospitali wapewe oksijeni. Mweleze mhudumu kuhusu jiko, maana kile kipimo cha kidoleni kitaonyesha oksijeni iko sawa: hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii.

Baada ya kuanguka

Hospitali mara moja kama alizimia, ametapika zaidi ya mara mbili, maji meupe au damu vinatoka puani au sikioni, mboni za macho hazilingani, kuna weusi kuzunguka macho au nyuma ya sikio, maumivu yanaongezeka, au ana chini ya mwaka mmoja na pana uvimbe laini kichwani. Kama hayapo, mwangalie kwa saa 24. Si kweli kwamba lazima akeshe. Anaweza kulala, ila usiku wa kwanza mwamshe kila baada ya saa chache uone kama anakutambua. Apumzike siku moja au mbili, arudi kwenye masomo kidogokidogo, na mpira asicheze hadi dalili zote ziishe na daktari aridhie. Pigo la pili kabla ubongo haujapona huumiza kupita la kwanza.

Kila siku kichwa, kila siku dawa

Mtoto anayepewa dawa ya maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, anaweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa yenyewe. Kwa vidonge vya dukani vilivyochanganya dawa na kafeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta tatizo hilo. Anaamka nacho, dawa inapunguza kidogo, kinarudi jioni. Tiba ni kuacha, kwa msaada wa daktari. Siku za mwanzo kinazidi, kisha kinalegea ndani ya wiki chache. Kwa hiyo mpaka wa nyumbani uwe siku mbili kwa wiki, zisizidi.

Kipimo cha dawa

Parasetamoli: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa saa 24. Soma chupa kwanza, kwa kuwa zipo za miligramu 120 kwa mililita 5 na zipo za 250 kwa mililita 5, na ukidhani moja ni nyingine unaweza kumpa mtoto dozi mara mbili. Kwa ile ya 120: kilo 10, mililita 5, kilo 15, mililita 7.5, kilo 20, mililita 10. Kwa kidonge cha miligramu 500, mtoto wa kilo 20 anapata nusu. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya jikoni hutofautiana sana.

Ibuprofeni: miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, kila saa 6 hadi 8, isizidi mara 3 kwa siku, baada ya kula. Asipewe wa chini ya miezi mitatu, mwenye ugonjwa wa figo, anayeharisha na kupungukiwa maji, wala anayeshukiwa kuwa na dengue.

Aspirini asipewe mtoto wa chini ya miaka 16. Akiwa na virusi vya mafua au tetekuwanga, inaweza kuharibu ini na kuvimbisha ubongo. Imo ndani ya vidonge vingi vya kichwa vinavyouzwa madukani kwa majina mbalimbali, kwa hiyo soma maandishi madogo ya pakiti.

Unachokwenda nacho kwa daktari

Kwa kichwa kinachojirudia, andika kwa wiki nne kwenye daftari la kawaida: tarehe, saa kilipoanza na kilipoisha, alikuwa akifanya nini, alilala saa ngapi, alikula nini na lini, alitapika au la, dawa gani na kiasi gani. Nenda pia na kadi ya kliniki, ili chanjo zionekane: pentavalenti (ya magonjwa matano kwa pamoja) na ya nimokoko za wiki 6, 10 na 14 hukinga dhidi ya baadhi ya bakteria wa homa ya uti wa mgongo, na BCG ya kuzaliwa hupunguza kifua kikuu cha ubongo.

Uchunguzi mzuri huwa na presha, uzito, mzingo wa kichwa kwa mdogo, rangi ya viganja kwa ajili ya upungufu wa damu, kutembea kwa mstari, na kuangaliwa ndani ya jicho kwa taa, kwani mshipa wa fahamu wa jicho huvimba shinikizo la ubongo likipanda. Kama hakuna aliyemwangalia ndani ya jicho na maumivu yana mwezi, omba. Ukiambiwa yuko sawa na daftari linaonyesha vipindi vinavyofanana, picha ya CT haitaongeza kitu zaidi ya gharama na mionzi. Endelea na daftari, na urudi siku mwenendo utakapobadilika.